Sidiria ya Zambarau Niliyoikata

Tunduma, Jumapili jioni

Mwanangu Skola,

Uko uani na bibi yako, nakusikia unasuuza sufuria kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Leo ni siku ya nne hujaniita kwa jina lolote. Ukitaka chumvi unamwomba bibi aniombe mimi, nami nimekaa hatua mbili kutoka kwako. Kesho alfajiri basi la Sumbawanga linakuchukua, na mimi kusema kwa mdomo siwezi. Unanijua. Hata mwalimu akiniuliza jina langu nilikuwa naangalia kwanza dawati. Kwa hiyo nimekaa kitandani na daftari langu la shule lililobaki na kurasa, naandika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala kufunga sanduku, wala kutoazima sabuni. Bibi amekueleza hayo wiki nzima, na mengine amekueleza mara tatu. Nataka kukuandikia habari ya ile sidiria ya zambarau aliyokuletea shangazi yako wa Isongole, ambayo niliikata.

Najua ulivyoipenda. Ilikuwa mpya, na karatasi yake bado inaning'inia. Katika nyumba hii ambayo hata mashuka yanatoka kwenye belo la mitumba, hapo palikuwa na kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine aliyekivaa kabla yako. Ulikaa nayo chini ya mto siku mbili. Ulipoivaa ukawa unatembea umenyooka kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa, mpaka bibi akakuuliza, "Wewe unakwenda kuanza kidato cha kwanza au unakwenda kuolewa?" Ukacheka. Mimi sikucheka, na nadhani uliona ni wivu.

Wivu ulikuwepo kidogo, sitakuficha. Nina miaka kumi na tisa na sijawahi kuvaa sidiria mpya. Lakini wivu haukunifanya nishike mkasi.

Siku ya Alhamisi nilikuwa nafua nguo zako za safari. Nilipoigeuza ile sidiria ndani nje, nikaona tone la damu chini ya kikombe cha kushoto, pale waya unapoishia karibu na kwapa. Lilikuwa dogo kama punje ya ulezi, limeshakauka. Nikapapasa na kidole gumba, nikaikuta ncha ya waya imetoboa kitambaa na kuchungulia nje. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikaingia ndani na mikono yenye povu, nikachukua mkasi wa bibi. Nikachana mshono, nikavuta waya wa kushoto, nikavuta wa kulia. Kwenye wa kulia mkasi ukateleza ukaenda na lesi. Uliporudi kutoka kununua kiberiti ulinikuta na nyaya mbili mkononi na kile kitambaa kimelala mapajani mwangu, hakina umbo.

"Mama mdogo, umefanya nini?"

"Hii ni mbaya. Hutaivaa."

"Nani kasema ni mbaya?"

"Nimesema mimi."

"Wewe kama nani?"

"Kama mama yako."

"Mama yangu alishakufa. Wewe ni mtu tu umemaliza shule, unasubiri matokeo."

Bibi alikuwa anachambua maharage, akaacha. Hakukukemea na hakunitetea. Sikukulaumu kwa maneno hayo, yote ni kweli. Kilichoniumiza ni namna ulivyosema ukiwa umejikunjia mikono kifuani, ukirudi nyuma kidogo kidogo hadi mlangoni. Nilimjua msichana huyo. Nilijua ana kidonda na nilijua hatamwonyesha mtu. Nikajua pia kwamba nilikuwa nimekaa dakika nzima nimeshika mkasi na sikukuuliza swali moja tu, kama unaumia.

Sasa nikueleze nilichokiogopa.

Dada Veronika, mama yako, alipofariki ulikuwa na miaka mitano na mimi kumi na mmoja. Siku ya kuondoa matanga wakubwa walikaa kwenye mikeka, na bibi akakuchukua kutoka mgongoni kwa jirani akakuweka mapajani mwangu. Akasema kwetu mdogo wa mama ni mama, na wewe baba yako yuko machimboni Saza, hatujui atarudi lini, basi huyu ndiye mama. Watu wakaitikia. Miguu yangu ilikuwa mifupi, ulikuwa unateleza, nikakushika kwa mikono miwili ili usianguke mbele ya watu. Kwa muda mrefu niliona hiyo ndiyo kazi yenyewe, kukushika usianguke mbele ya watu.

Nilipokuwa nakwenda kidato cha kwanza, bibi alinitafutia sidiria kwenye mzigo wake mwenyewe wa mitumba anayouza sokoni. Siku hizo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuuza nguo za watoto, na nguo za watoto namba yake ni umri. Akaamini na za wanawake ni hivyo hivyo. Akashika moja ya namba thelathini na nane akasema, "Hii ni ya mwanamke wa miaka thelathini na nane, itakuzeesha." Akanichagulia ndogo kuliko zote, nyeusi, ina waya, akasema, "Waya ndio unaoshika. Bila waya utalegea kabla hujamaliza shule." Niliona inanibana nilipoivaa mara ya kwanza. Sikusema. Ningesema nini? Katika nyumba yetu lile neno lenyewe lilikuwa halitamkwi, tuliita "ile ya ndani".

Mwaka wa kwanza ilinibana tu. Mwaka wa pili mwili ulikuwa umeongezeka na kitambaa kimechakaa. Siku moja baada ya Pasaka nilikuwa nimeinama nalima shamba la shule, nikasikia kitu kimenichoma chini ya titi la kushoto. Nilimaliza mstari wangu. Bafuni nikakuta waya umetoka na umenichana. Nikaurudisha ndani, nikaushonea uzi, nikaendelea kuivaa kwa sababu sikuwa na nyingine, na bila hiyo wasichana wa bweni letu walikuwa na maneno. Waya ulikuwa unatoka kila baada ya siku mbili, nami naushonea. Pale palipochanika pakavimba. Nikachana kipande cha khanga nikakiweka katikati. Wiki ya tatu nikawa siwezi kulalia upande ule.

Hapo ndipo nikamwandikia bibi. Nilianza barua ile mara nyingi. Shuleni kwetu barua zilipitia kwa matroni kabla ya kwenda posta, na sikutaka ajue. Mwishowe niliandika mstari mmoja katikati ya salamu na habari za mvua: naomba unitafutie ile ya ndani isiyo na waya. Sikuandika kwa nini.

Bibi yako alihangaika sana, Skola. Alikaa mguu sawa kila belo lilipofunguliwa hapa sokoni. Zikawa za waya tu, au zimelegea kama mifuko. Akavuka mpaka hadi Nakonde, kwa akina mama wa salaula, wale wanaouza mitumba chini kwenye maturubai, akainama siku nzima. Akapata moja nyeupe. Pamba tupu, mkanda mpana, hakuna waya hata kidogo, na juu ya kila kikombe kuna kijibanio kidogo cha plastiki. Akaona ni mapambo, au ni vya kurekebishia kamba. Akaiviringisha ndani ya mfuko wa karanga akampa mzazi wa mwenzangu aniletee.

Nilipoivaa nilitaka kulia kwa raha. Kwa mara ya kwanza nilivuta pumzi hadi chini. Siku ya tatu, darasani, nikasikia ubaridi kifuani. Kilichokuwa kimevimba kilikuwa kimepasuka. Nilipoinama kuangalia, kwenye blauzi nyeupe palikuwa na duara lililolowa, la ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikaweka daftari mbele. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameshaona.

Jioni ile matroni alikuja bwenini kukagua masanduku. Alianza na langu. Nilikuwa nimeivua ile nyeupe ili niifue, ipo juu ya nguo zote. Akaiinua mbele ya wasichana wote, akabonyeza kile kijibanio kwa kidole, na mbele ya kikombe ikafunguka ikaning'inia. Mimi mwenyewe sikujua kwamba inafunguka. Nilikuwa nimeivaa siku tatu na sikujua.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Unajua ni ya nini?"

"Ya kuvaa."

Wasichana wakacheka. Matroni hakucheka. Alikuwa mtu wa mjini, amezaa, anajua vitu.

"Hii ni sidiria ya kunyonyeshea," akasema. "Na leo darasani umelowa kifua. Mtoto umemwacha wapi?"

Nilijibu sina mtoto, lakini kwa sauti ambayo nadhani haikumfikia.

"Fungua blauzi tuone."

"Hapana."

Hilo hapana nililisema kwa sauti. Ndilo neno pekee nililowahi kulisema kwa sauti katika shule ile, na ndilo lililonimaliza. Mtu asiye na kitu cha kuficha angefungua. Kesho yake waliniita ofisini, wakiwa wawili tu, matroni na mkuu wa shule, mama mtu mzima. Huyu hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, ukituonyesha sasa hivi mambo haya yanaisha hapa hapa." Kidonda kilikuwa chini ya kitambaa, vidole vinne kutoka kwenye kifungo cha blauzi yangu. Ningefungua vifungo viwili tu. Nilikunja mikono kifuani nikaangalia sakafu. Mpaka leo naikumbuka sakafu ile, ilikuwa ya saruji nyekundu na ufa umepita chini ya meza. Wakanipa bahasha iliyofungwa. Wakasema nisirudi bila mzazi na cheti cha hospitali kwamba sijazaa na sina mimba.

Bibi aliipata bahasha ile akiwa sokoni kwenye meza yake. Mwenzake mmoja aliyejua kusoma vizuri ndiye aliyemsomea, kwa hiyo mpaka jioni soko zima lilijua. Mmoja akasema, nami nimesimama pale pale, "Wengine wanapeleka watoto kusoma, wewe wako amesomea ukunga kabisa." Bibi akakunja meza. Nyumbani akaniuliza, "Ni kweli?"

"Si kweli, mama."

"Basi nionyeshe nikuone mwili wako."

Nikakataa. Na yeye nikamkatalia. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeshakataa mbele ya watu arobaini, nimekataa ofisini, na kila nilipokataa lile jambo liliongezeka ukubwa, mpaka ikawa kama kufungua vifungo ni kukiri. Na kile kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu, ndiyo nikazidi kuona aibu. Bibi akasema, "Basi nimeelewa." Akaenda kukaa uani, amenipa mgongo. Siku nne hakunisemesha. Alikuwa anasubiri kunipeleka Vwawa, hospitali, na nadhani alikuwa anachelewesha kwa sababu aliogopa watakachomwambia.

Wewe ulikuwa na miaka kumi. Wakubwa walikuambia nina malaria. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, hiki hiki. Asubuhi ya siku ya tano ulikaa na uji wako, ukamwambia bibi, kawaida tu, kama mtu anayesema mvua imenyesha, "Bibi, mama mdogo ananuka kifuani. Kama nyama."

Bibi akaweka kikombe chini. Hakuniuliza tena. Alinishika mikono yote miwili kwa mkono wake mmoja, unaijua nguvu yake, akafungua blauzi na ule mwingine. Alipoona, akakaa kwenye mkeka. Alisema tu, "Hii ni ile nyeusi? Ile niliyokupa mimi?"

Hospitali nesi alinikamua usaha nikiwa nimeng'ata khanga. Akaniuliza nimekaa nacho tangu lini. Nikasema tangu Pasaka. Akaniuliza nilimwambia nani, nikang'ata tena khanga. Akasema, "Ungekaa nacho mwezi mwingine," akaishia hapo, akaendelea kuosha. Nilikwenda kusafishwa kila siku kwa wiki tatu na mitihani ya muhula ikanipita. Niliporudi shuleni na cheti, matroni alikisoma, akakikunja, akasema, "Haya, nenda bwenini." Nilibaki ninaitwa Mama Kichanga mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Hata watoto wa kidato cha kwanza ambao hawakujua ilitoka wapi waliniita hivyo, na mimi niliitika.

Unaona basi kwamba wewe ndiye uliyenitoa pale. Sijawahi kukushukuru. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila kutaja kidonda, na haikuwepo.

Nimemchukia matroni yule kwa muda mrefu. Nilikuwa namjibu kichwani wakati natwanga, wakati nachota maji. Ila tangu Alhamisi nashindwa kumjibu vizuri. Nadhani yeye aliona kitu kilichomwogopesha, akaamua ni nini, akafungua sanduku. Mimi niliona tone la damu, nikaamua, nikachukua mkasi. Sijui kama angeniuliza kwa upole tangu mwanzo ningemwambia. Huenda ningesema siumwi. Lakini hakuuliza, na mimi sikukuuliza, na hapo sioni tofauti yetu.

Ijumaa na jana hukujua nilikuwa wapi. Nilikwenda kukutafutia nyingine. Unajua mimi nikiwa sokoni, nasimama mbele ya meza mpaka mwenye meza anichoke. Safari hii nilisema. Kwenye meza ya kwanza alikuwa kijana wa kiume, nikamwambia nataka sidiria isiyo na waya, ya msichana. Akapaza sauti ili wenzake wasikie. "Bila waya? Dada, hiyo ni nyumba bila nguzo. Itasimamaje?"

Masikio yaliniwaka moto. Nikamwambia, "Nguzo zako zinachoma watu. Kama huna, sema huna."

Wenzake wakamcheka yeye. Nilitembea hatua kumi, nikasimama nyuma ya lori mpaka vicheko vikaisha. Halafu nikaendelea na meza nyingine.

Huku kwetu sikupata, nikavuka Nakonde. Kule kwenye salaula kuna mama mmoja mnene mwenye turubai la sidiria tupu, mlima mzima. Nilianza kuchambua. Bibi alinifundisha baada ya yale yaliyonipata, na yeye alijifunza mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Kwanza unapita na kidole gumba chini ya kikombe mwanzo hadi mwisho, kwa sababu waya mwingine ni wa plastiki na hauonekani kwa macho. Halafu unavuta mkanda wa chini, maana mzigo unabebwa na mkanda, kamba za begani zinasaidia tu. Mkanda ukiwa mpana na unarudi ukiuvuta, hiyo itakaa. Nilikuwa nimechukua kipimo chako kwa uzi, kutoka kwenye gauni lako la kanisani. Nikazivaa moja moja juu ya blauzi yangu, mbele ya watu, nikainua mikono, nikainama kama nashika jembe, nikavuta pumzi.

Yule mama akanitazama. "Iwe, wewe, unanunua au unacheza ngoma?"

"Nanunua, bamayo," nikamwita mama kwa lugha yao. "Ya mwanangu."

"Mwana wako? We mwenyewe mwana."

"Ana miaka kumi na tatu. Anakwenda bweni. Nataka akiinama isimchome."

Akaacha kucheka. Akaingiza mkono chini kabisa ya mlima wake, akaanza kunitupia za pamba. Nyingi zilikuwa zile zenye vijibanio. Ndizo laini kuliko zote, Skola, na zilikuwa saizi yako, na nilizishika muda mrefu. Nikazirudisha zote. Labda ningeweza kushona vile vijibanio visifunguke. Sikuweza. Vidole vilikataa.

Nimepata mbili. Moja ya kijivu, unaivalia kichwani, haina hata vifungo. Nyingine rangi ya maziwa, ina mkanda mpana na mishono miwili chini inayofanya kazi ya waya bila kuwa waya. Bibi amezipitia kwa gumba lake na amezikubali. Si nzuri. Ile ya kijivu inafanana na kitambaa cha kufutia meza na wenzako wanaweza kuisema. Zipo kwenye kiti, sikuziweka kwenye sanduku lako. Sanduku lako sitaligusa tena bila ruhusa yako.

Ile ya zambarau nimeishona. Mahali palipokuwa na waya nimeingiza utepe wa pamba nilioukunja mara tatu, na lesi nimeirudishia kwa uzi wa rangi iliyokaribia. Kikombe cha kulia kimekaa upande. Haitakuwa kama alivyoileta shangazi yako, na ukitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyeiharibu, mwambie. Nisamehe kwa hilo. Sikuombi msamaha kwa kuogopa, maana nitaendelea kuogopa. Ninaomba msamaha kwa mkasi.

Na ukifika huko ukanunua nyingine ya waya kwa sababu unaipenda, ni mwili wako. Kuna wanawake wanavaa waya maisha yao yote na hawachomwi. Mimi sijui mambo mengi. Ninajua hili moja, namna kidonda kinavyokua ukiwa unakijibia hapana kila anayekuuliza.

Sasa kuna jambo lililobaki, na ndilo linalonifanya nishindwe kukuacha upande basi ukiwa umeninunia. Damu ile ni ya siku nne zilizopita. Tangu hapo unaoga umefunga mlango, na jana nilikuona unashika ndoo kwa mkono wa kulia tu. Sijakuuliza kitu. Nakuuliza hapa: Skola, unaumia?

Barua hii nampa bibi akupe sasa hivi kabla ugali haujaiva. Isome popote unapotaka. Mimi nitakuwa humu chumbani na mlango nimeuegesha tu. Ukiingia sitakushika mikono na sitakufungua nguo. Nitaanza mimi. Nitafungua vifungo vyangu, uone pale palipopasuka na namna palivyofunga vibaya. Tangu nesi yule amalize kazi yake hakuna aliyepaona, hata bibi nimemkatalia. Naogopa kukuonyesha kuliko unavyoogopa wewe, kwa hiyo usidhani nakuita kwa urahisi.

Halafu utaamua kama unanionyesha chako. Kikiwa ni mchubuko, tutauosha kwa maji ya chumvi na kesho utasafiri. Kikiwa kimevimba, basi la kesho litaondoka bila wewe na tutakwenda Vwawa asubuhi. Usiogope kuchelewa kuripoti. Nitapanda nawe basi la siku itakayofuata mpaka Sumbawanga, nitaingia ofisini kwa mkuu wenu wa shule, na nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, huyu ni mwanangu, alikuwa na kidonda kifuani, amechelewa kwa sababu tulikuwa tunamtibu.

Mama yako mdogo,
Lusia